Kiti kikiyumba, weka nyundo chini

Swali limekuja tena, lile lile. Nimetengeneza stuli kwa mbao za paleti, yani zile fremu za mbao za kupangia mizigo, inayumba, nimeongeza misumari bado inayumba, na safari hii mguu umepasuka, kumbe ni kweli vitu vya kuokoteza havidumu eh? Hapana jamani. Mbao haina kosa hapo hata kidogo, mbao hiyo hiyo imebeba mizigo mizito, imerushwarushwa, imepigwa jua na mvua na bado ipo. Kilichoua stuli ni ile misumari ya nyongeza, na nitaeleza kwa urefu leo maana huu ushauri wa "ongeza msumari" umeharibu fanicha nyingi kuliko mchwa.

Mbao ina nyuzi, na nyuzi zinaenda upande mmoja, kufuata urefu wa mti ulivyokua. Msumari haushiki kwa sababu ni mrefu au ni mwingi, unashika kwa sababu umezisukuma nyuzi pembeni na nyuzi zinataka kurudi, kwa hiyo zinaubana. Ukiupigilia ubavuni mwa mbao unakata njia katikati ya nyuzi na zinaubana vizuri. Ukiupigilia kichwani, yani pale mbao ilipokatwa kwa msumeno, unapita sambamba na nyuzi, ni kama kuchomeka kijiti ndani ya fagio la njukuti, unaingia kirahisi na unatoka kirahisi. Sasa angalia stuli za watu wengi: ubao wa kukalia umewekwa juu ya miguu, msumari umeshuka kutoka juu moja kwa moja hadi kichwani mwa mguu. Uzito wa mtu anayekaa kimya hauna shida, unashuka tu chini. Lakini mtu hakai kimya, anageuka, anainuka, anavuta kiti, na kila akifanya hivyo msumari unachokonoa tundu lake na kulipanua kidogo. Baadae unaongeza wa pili karibu na wa kwanza, kwenye mstari ule ule wa nyuzi, na hapo ndo mguu unapasuka.

Usiniamini kwa maneno. Chukua vipande viwili vya mbao ya aina moja, kimoja pigilia msumari ubavuni kingine kichwani, uingie kina sawa, alafu ing'oe kwa nyundo. Mkono wako utakwambia tofauti kabla hujamaliza kuvuta.

Skrubu ni afadhali, ila sheria ya nyuzi haibadiliki, kichwani mwa mbao nayo inashika kidogo kuliko ubavuni. Toboa kwanza, tundu liwe unene wa ule mwili wa skrubu bila meno yake, hasa ukikaribia mwisho wa ubao, la sivyo unapasua. Na kuna kitu hapa watu hawakisemi: ubao wa juu, ule ambao skrubu inaupita kwenda kushika wa chini, tundu lake linatakiwa liwe pana kiasi cha skrubu kupita bila kung'ata. Meno yaking'ata mbao zote mbili, ile nafasi ndogo iliyokuwepo kati yake inabaki pale pale hata ukaze mpaka kichwa cha skrubu kiharibike. Unaona umekaza, kumbe mbao hazijagusana.

Haya, tuje kwenye kuyumba kwenyewe. Tengeneza fremu ya pande nne, funga kila kona vizuri unavyoweza, alafu isukume kwa upande, ukishika sehemu yake ya juu. Italala. Kila kona inageuka kidogo na fremu nzima inainama. Sasa weka ubao mmoja wa mshazari, kona hadi kona, isukume tena. Haiendi popote, maana umegawa pande nne kuwa pembetatu mbili na pembetatu haiwezi kubadilika umbo mpaka ubao uvunjike au kiungo king'oke. Skrubu chache na ubao mmoja mwembamba wa mshazari vinashinda rundo la misumari kwenye kona. Hili ndo jambo zima, mengine yote niliyoandika hapa yanalizunguka hili.

Na ndo maana nakasirika nikiona makabati. Mtu anachukua kabati la zamani alifanye shelfu ya wazi, kitu cha kwanza anachofanya ni kung'oa ule ubao mwembamba wa nyuma kwa sababu ni mbaya, una madoa, umefifia, na anadhani uliwekwa ili nguo zisiguse ukuta. Ule ubao mwembamba ndo ulikuwa unalisimamisha kabati! Umegongewa kuzunguka pande zote nne, kwa hiyo unafanya kazi ya mshazari, kabati haliwezi kulala bila kuuchana au kung'oa misumari yake yote kwa pamoja. Uking'oa, wiki chache mbele shelfu imeegemea upande na lawama zinaenda kwa kabati kuukuu. Kama hupendi sura yake paka rangi, au kata plaiwudi nyembamba mpya uiweke mahali pake, na kama unataka ukuta uonekane basi weka hata vipembetatu vya plaiwudi kwenye kona za nyuma, ila usiache wazi kabisa. Kabla hujaugonga pima kona hadi kona kwa mshazari, kisha pima zile kona mbili zingine, vipimo vikilingana kabati limenyooka, visipolingana sukuma mpaka vilingane, maana ukishagonga limeshajifunga lilivyo, milango nayo haitakubali kufungika vizuri.

Kwenye kiti huna nafasi ya mshazari, miguu ya mkaaji inapita hapo. Kazi hiyo inafanywa na ule ubao unaozunguka chini ya kikalio, na unatakiwa uwe mpana kwenda chini. Ubao wa sentimita 8 wenye skrubu mbili zilizoachana, moja juu moja chini, unapambana na mguu unaotaka kugeuka, wakati ubao wa sentimita 3 wenye skrubu moja ni bawaba tu. Ongeza kipande cha mbao kilichokatwa mshazari ndani ya kila kona, gundi na skrubu, na ubao mwingine wa kuunganisha miguu huku chini. Mbao za paleti ni nyembamba kwa hiyo msiziache peke yake kuwa miguu, ziunganisheni mbili kwa gundi.

Gundi. Ile nyeupe ya mbao ina nguvu kweli, ikikauka vizuri ubavu kwa ubavu mara nyingi mbao inachanika kabla kiungo hakijaachia. Lakini inataka mbao tupu. Juu ya rangi ya zamani inashika rangi, na rangi ndo itabanduka. Juu ya gundi ya zamani haiingii popote, kwangua mpaka uone mbao. Haijazi mianya, haipendi kichwa cha mbao maana kinaifyonza, na lazima ibanwe wakati inakauka. Kama huna klampu, kile chuma cha kubania, zungushia kamba, pitisha kijiti katikati ukizungushe mpaka ibane. Kwa kitu cha kukaa nje kwenye mvua usitumie ile ya kawaida ya ndani, tafuta isiyoogopa maji.

Milango kufanywa meza, sawa, lakini gonga kwanza kwa kidole. Ukisikia sauti ya uwazi, mlango huo ndani una karatasi ngumu zilizopangwa vyumba vyumba, mbao halisi ipo kwenye kingo tu na pale kitasa kilipokaa. Miguu iliyofungwa katikati itang'oka na ngozi ya mlango. Tengeneza fremu yenye miguu yake inayosimama yenyewe, mlango uje juu kama mgeni, uushikize kwenye kingo basi.

Zile mbao za unga wa mbao na gundi hazina nyuzi za kubana kitu, na kingo zake zinamomonyoka. Tundu la skrubu likishaharibika hama sehemu, au toboa mpaka upande wa pili upitishe bolti yenye washa pana, kile kibati cha duara chenye tundu. Sehemu iliyovimba kwa maji haitibiki, ikate. Kuna dawa maarufu ya kujaza tundu kwa vijiti vya meno na gundi, kwenye mbao halisi naitumia bila wasiwasi, kwenye hizi nina mashaka nayo, hasa kwa bawaba ya mlango mzito, na nasita kumwambia mtu aitegemee hata kama kila mahali unaambiwa inafaa.

Paleti nipite haraka. Soma muhuri uliopigwa kwenye mbao zake: HT maana yake imepashwa moto mpaka ndani ya mbao kufika nyuzi joto 56 kwa dakika 30 mfululizo, MB imepuliziwa methili bromaidi, gesi ya sumu ya kuulia wadudu, hiyo iache. Hapa ndo watu wanajidanganya, wanaona HT wanasema ni salama. Muhuri ule unahusu wadudu. Hausemi ni kemikali gani ilimwagika juu yake safarini, na hakuna namna ya kuangalia kwa macho ukawa na uhakika wote, nami sina uhakika huo hata kwa paleti inayonukia mbao safi, kwa hiyo kitanda cha mtoto na ubao wa kukatia chakula sitengenezi kwa paleti. Misumari yake mingi ina mikunjo mwilini kama ya skrubu, ukiing'oa kwa nguvu unapasua mbao, pitisha msumeno wa chuma katikati ya mbao mbili uikate. Na rangi kuukuu kwenye fanicha ya zamani inaweza kuwa na risasi, yani ile metali yenye sumu, msiipige msasa ikiwa kavu ndani ya nyumba yenye watoto.

Vipimo: kikalio sentimita 43 hadi 46 kutoka sakafuni, meza 72 hadi 76. Shelfu ikipinda katikati, kuongeza unene mara mbili kunaifanya iwe ngumu mara nane, au gongea ubao mwembamba uliosimama kwenye ukingo wa mbele.

Sasa ile stuli. Ifungue yote, toa misumari, kata sehemu iliyopasuka. Weka ubao mpana chini ya kikalio, skrubu ziingie ubavuni mwa miguu, gundi kwenye mbao iliyokwanguliwa, vipembetatu ndani ya kona, ibane, iache mpaka kesho. Ukishaisukuma kwa upande haiendi, lakini ukiiweka chini bado inachezacheza mguu mmoja juu, hicho ni kitu kingine kabisa, ni miguu haina urefu sawa, na msumari hauna kazi hapo pia. Iweke juu ya meza iliyonyooka, tia vipande vya kadi chini ya mguu mfupi mpaka itulie, chukua kipande cha mbao chenye unene kuliko hizo kadi, kilaze mezani, penseli juu yake, zungusha alama kwenye miguu yote minne, alafu kata kwenye alama.