Wazo Lilikuwa Lako. Kazi Je?

Wiki iliyopita nimelisikia tena, mara ya tatu mwezi huu: "Lakini wazo lilikuwa langu!" Msemaji ni kijana anayetengeneza katuni fupi pamoja na mchoraji, mtunzi wa muziki na mhariri wa video. Wamegombana, mchoraji kajitoa, na mwenye wazo kaja kwangu akitaka aendelee kumtumia mhusika yule yule kana kwamba hakuna kilichotokea. Kazi yangu ni kupanga na kusuluhisha miradi ya namna hii. Naomba nilimalize leo.

"Wazo ni langu, kwa hiyo kazi ni yangu." Hapana. Hakimiliki hailindi wazo. Inalinda kile kilichotengenezwa kutokana nalo: mchoro wenyewe, maneno yenyewe, sauti yenyewe. Si maoni yangu. Mkataba wa TRIPS wa 1994, wa haki miliki katika biashara, unaozibana nchi wanachama wa Shirika la Biashara Duniani, unalisema waziwazi katika kifungu cha 9. Ukimwambia mchoraji "nataka sungura mwoga, nahodha wa meli", umempa wazo. Sikio lile lililopinda na koti lile la kifungo kimoja kayaumba yeye, na ni yake tangu alipoyachora. Wala hahitaji kusajili popote: Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki wenye asili yake 1886, haufanyi usajili kuwa sharti la kuipata haki hiyo.

"Lakini nilimlipa." Hapo ndipo subira huniishia. Kulipia kazi ni jambo moja, kununua haki ni jambo jingine. Mwajiriwa ana habari yake, kwani sheria za nchi nyingi humpa mwajiri haki za kazi iliyofanywa ofisini kwake. Mtu wa kujitegemea, mahali pengi, hubaki na haki zake mpaka atie saini kuzihamisha. Muamala wa simu na ujumbe wa "shukrani kaka, kazi safi" huenda vikakupa ruhusa ya kutumia mchoro. Havikufanyi mmiliki.

Mwenye wazo naye si kwamba hana kitu. Kama ndiye aliyeandika hadithi na mazungumzo, hayo ni yake. Ndiyo maana katuni nyingi za marafiki hufa zikiwa zimekamilika: mmoja ameshika michoro, mwingine hadithi, wa tatu muziki, na hakuna anayeweza kuitoa bila wenzake. Kikundi kimoja nilichokutana nacho kilifanya kazi miaka miwili, kikabaki na faili safi kabisa lisiloonyeshwa popote.

Dawa yangu ni ile ile, wanaonijua wameshaichoka: siku ya kwanza, kabla hata ya mchoro wa kwanza, andikeni ukurasa mmoja wa namna mtakavyoachana. Mhusika ni wa nani? Mtu akiondoka, alichokwisha kutengeneza kinabaki, na kwa masharti gani? Pesa ikiingia inagawanywaje, na deni likija nani analipa? Majina yatapangwaje mwishoni? Msicheke hilo la majina, limevunja vikundi vingi kuliko pesa. Kisha wote mtie saini. Watu huniambia ni mkosi, sawa na kutaja talaka siku ya posa. Haya. Walioogopa mkosi ndio wateja wangu.

Mengine nayapitia haraka.

"Tumechelewa, tuongeze watu." Fred Brooks, mtaalamu wa kompyuta, alieleza tangu 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa huuchelewesha zaidi, nami nimeyaona hayo hayo kwenye katuni na gemu. Watu 4 wana jozi 6 za kuelewana. Watu 10 wana 45. Tena mgeni hufundishwa na yule yule aliyekwisha elemewa. Kateni matukio, msiongeze watu.

"Kila kitu kiko kwenye wingu, tuko salama." Wingu, yaani hifadhi ya mtandaoni, lenye folda ya pamoja hunakili hata makosa yenu: mmoja akifuta faili, limefutika kwa wote. Nakala 3, kwenye vifaa vya aina 2, 1 ikae mbali.

"Muziki huu ni wa bure, una leseni ya Creative Commons." Hizo ni leseni zinazoruhusu kazi itumiwe bure kwa masharti, na masharti yako kwenye herufi zinazofuata jina. Zisomeni. NC inakataza biashara. ND inakataza kuigeuza kazi, na kwa leseni hizi kuulinganisha muziki na picha zinazotembea tayari ni kuugeuza. Kwa hiyo wimbo wa ND hauingii kwenye video yenu, hata msipougusa noti moja, hata mkimtaja mtunzi kwa herufi kubwa. SA nayo hudai video mnayoitoa iwe chini ya leseni hiyo hiyo.

Yule kijana nilimwambia ampigie mchoraji kabla ya kumtafuta mwanasheria. Mpaka naandika hapa hajapiga, na sungura bado yuko kwenye kompyuta ya mwenzake.