"Kalewa tu, akilala ataamka"

Desemba imeingia. Mabasi ya Dar yanamwaga watu stendi ya Moshi, wanapanda Kibosho, Machame na Rombo kula sikukuu kwao, "kuhesabiwa" kama tunavyotaniana, na mimi nishajua nitakachoambiwa mlangoni pa idara ya dharura hospitalini mpaka Januari: "Dokta, huyu kalewa tu, akilala ataamka." Jumamosi nimeambiwa tena, na aliyesema alikuwa anacheka.

Tumalize mepesi kwanza. Kahawa haitoi pombe mwilini. Maziwa, ndimu, maji ya baridi kichwani, kutembezwa uani: hakuna hata kimoja. Ini lina mwendo wake, gramu 7 hadi 10 hivi kwa saa, na bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina kama gramu 20. Piga hesabu mwenyewe. Ndugu wanaodai "mwekeeni dripu azinduke" huona dripu inakwisha, mgonjwa anafumbua macho, wanaisifu dripu. Kilichomzindua ni saa zilizopita.

Sasa linaloniudhi. Kwetu "kalewa" ni hukumu, na ikishatoka hakuna anayechunguza tena. Mtu akianguka mkavu, mtaa mzima unakimbia. Akianguka ananuka, watu wanampiga picha, wanamvutia kivulini, wanaendelea na yao. Wala siisemi mbege, pombe yetu ya asili, vibaya. Ndizi, ulezi, uchungu wa gome la msesewe, kata inazunguka kwa wazee waliokaa kumaliza posa au ugomvi wa mpaka wa kihamba, shamba la ukoo: pale kunywa ni heshima, na asiyegusa kata ndiye anayetazamwa vibaya. Ila atakayezidiwa, aibu ni yake peke yake. Akiwa mwanamke ni mbaya zaidi, anafichwa chumbani mpaka asubuhi, na mimi namwona saa ambazo sina tena cha kufanya.

Harufu inaniambia amekunywa. Hainiambii amekunywa kiasi gani, wala nini kingine kimempata. Mlevi ndiye anayeanguka na bodaboda bila helmeti, ndiye anayejigonga kwenye fremu ya mlango. Na mnywaji wa miaka mingi ubongo wake umesinyaa, vile vishipa vya damu vinavyotoka kwenye ubongo kwenda kwenye utando wa juu yake vimekaa kama uzi uliovutwa. Pigo dogo linakata kimoja. Damu inavuja polepole, siku kadhaa, hata wiki. Anaanza kuyumba, kusahau, kuropoka, kulala mchana. Nyumbani wanasema, "Kaanza tena." Nimempokea baba wa namna hii, binti yake anarudia, "Dokta, baba hajanywa wiki nzima," na shemeji zake nyuma wanakonyezana. Nikamfungua macho kwa tochi: mboni ya kulia imetanuka, haijibu mwanga, ya kushoto ni ya kawaida. Pombe haitanui mboni moja ikaacha nyingine.

Halafu sukari. Pombe inalizuia ini kutengeneza sukari, kwa hiyo aliyeshinda anakunywa bila kula, au mtoto aliyemaliza mabaki ya kata, anaweza kupoteza fahamu kwa njaa ya ubongo huku mnasema amelewa. Glukomita, kile kipimo cha sukari cha tone la damu, inajibu kwa sekunde chache. Hapo ndipo dripu, ile ya dextrose, yaani sukari, inamwamsha mtu kweli, na kwa mnywaji sugu nampa thiamini (vitamini B1) pia. (Najua nimetoka kuitukana dripu. Ile ilikuwa ya maji na chumvi.)

Gongo nitaipitia haraka. Ikiwa na methanoli, aina ya pombe iliyo sumu, mtu anaamka kesho yake akisema anaona ukungu. Hiyo si hangover, ni macho yanakufa. Viroba, pombe kali ya vipakiti, vilipigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017. Gongo ilikatazwa zamani zaidi, na bado naletewa waliokunywa.

Vitabu vinaniagiza nisiisingizie pombe kwa GCS (alama za ufahamu, 15 ndiyo kamili) iliyoshuka. Vizuri. Ni saa nane usiku, kijana ananuka, GCS 13, hana jeraha, hakuna anayejua kama alianguka. Nimpeleke CT, picha ya ndani ya kichwa, sasa, gharama ambayo mama yake ataikopa, au nimpime upya kila nusu saa? Mara nyingi nampima upya, na alama zikichelewa kupanda nampeleka. Nikiulizwa muda gani hasa ndiyo kuchelewa, mimi na wenzangu kila mmoja ana saa zake, na sidhani kuna mwenye haki zaidi ya mwingine.

Kwenu nyumbani ni rahisi kidogo. Mlazeni ubavu, asije akapaliwa na matapishi. Mwamsheni kila baada ya muda. Asipojibu jina lake wala kufinywa, au akikoroma kwa namna msiyoizoea, au akidegedega, mleteni usiku uleule. Mleteni na mtu aliyemwona akianguka, si yule anayejua tu alikunywa kwa nani. Na chupa aliyonywea ije, hata kama ni ya gongo. Mimi si polisi.