Hesabu Sahihi, Jibu Potofu: Kisa cha Umri wa Dunia

Wanafunzi wapya wa jiolojia hawachoki kuniuliza: mnajuaje jambo ambalo hapakuwa na mtu wa kulishuhudia? Swali hilo ndilo lililonivuta, baada ya miaka ya kubeba nyundo na dira, nikaingia kwenye historia na falsafa ya fani hii, na hadi leo sijatoka.

Mwaka 1788 James Hutton, mwanajiolojia wa Uskoti, alifika kwa mashua Siccar Point, pwani ya mashariki ya Uskoti, pamoja na rafiki zake John Playfair na James Hall. Pale chini kuna mwamba wa kijivu ambao tabaka zake zimesimama wima kama vitabu kwenye rafu. Juu yake kuna mwamba mwekundu wa mchanga, umelala ukiinama kidogo tu. Hicho ndicho kinachoonekana, basi. Yaliyobaki ni ya kufikiri: tope hutua chini ya maji kwa ulalo, kwa hiyo mwamba wa kijivu lazima ulitua, ukawa mgumu, ukakunjwa na kuinuliwa, ukaliwa na mvua na mawimbi, ndipo mchanga mwingine ukatandazwa juu ya mabaki yake. Hutton hakuwa na kipimo cha miaka. Alijua tu kwamba mito na mawimbi hayali mwamba kwa kasi ya kutisha, na akakubali kwamba hata zamani yalikuwa hivyo.

Hapo pana dhana ambayo haikutoka jiweni. Kwamba kanuni za leo zilifanya kazi jana, hilo tunalichukua mkononi kabla hatujaanza kusoma mwamba.

Mwanafizikia William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, hakuridhishwa na wanajiolojia waliojigawia muda bila kikomo. Mwaka 1862 aliichukulia Dunia kama tufe la moto linalopoa. Kadiri unavyoshuka mgodini ndivyo joto linavyozidi. Kutokana na kiasi cha ongezeko hilo unaweza kukokotoa tufe limepoa kwa muda gani. Akapata kati ya miaka milioni 20 na milioni 400, na baadaye akazidi kuibana. Mimi huwapa wanafunzi hesabu ile watafute kosa. Wanaikagua mstari kwa mstari, hawalioni. Hesabu ni safi.

Masimulizi yaliyozoeleka husema Kelvin aliangushwa na ugunduzi wa madini yenye mionzi, ambayo huzalisha joto ndani ya Dunia. Ni kisa kitamu, ila hakijakaa sawa. Ukiliongeza joto hilo kwenye hesabu yake bila kubadili kitu kingine, jibu halisogei sana. Kosa lilikuwa limeshaonyeshwa mwaka 1895 na John Perry, aliyewahi kuwa msaidizi wa Kelvin mwenyewe. Kelvin alidhani joto la ndani hupenya polepole kwenye mwamba uliotulia, kama kwenye kipande cha chuma kilichotolewa motoni. Perry akauliza: je, kama kule chini mwamba wenyewe unazunguka, ukipandisha joto kutoka kilindini? Basi ngozi ya juu ingebaki na joto kwa muda mrefu zaidi, na umri ungeweza kufika miaka bilioni mbili au tatu.

Wachache walimsikiliza. Mionzi ilileta kitu kingine, nacho ni saa, maana urani yenye mionzi hugeuka polepole kuwa risasi kwa kasi inayojulikana: kwa kupima madini ya risasi katika vimondo, mwanakemia Clair Patterson alitangaza mwaka 1956 kwamba Dunia ina takriban miaka bilioni 4.55. Ila wazo la mwamba unaotiririka liliendelea kukataliwa. Mwanasayansi Mjerumani Alfred Wegener aliposema mwaka 1912 kwamba mabara yamesogea, pingamizi kubwa lilikuwa lile lile: yatapitaje kwenye mwamba mgumu?

Kelvin, kwa haki yake, alikuwa na ushahidi. Aliangalia jinsi Dunia inavyoitikia mvuto wa Mwezi na Jua, maji yanapojaa na kupwa, akaona ni ngumu kuliko chuma cha pua. Na ni kweli. Mawimbi ya tetemeko hupita katika mwamba wa kilindini kama yanavyopita kwenye kitu kigumu. Mwamba huo huo, ukiupa miaka milioni kadhaa, hutiririka kwa sentimita chache kila mwaka. Kelvin aliupima kwa muda wa saa chache. Perry alikuwa anauliza kuhusu mamilioni ya miaka.