Kabala haikukuambia usilie

Ile picha imenifikia tena: jua linazama baharini, na juu yake yameandikwa maneno ya Rabi Nachman wa Bratslav, mwalimu wa Kiyahudi, kwamba duniani hakuna kukata tamaa. Chini yake mtu ameongeza neno kuhusu Kabala, mafundisho ya siri ya Kiyahudi: "Kabala inafundisha kuwa yote yatakuwa sawa." Safari hii ilikuwa imetumwa kwa mama aliyezika mumewe juzijuzi, eti imtie moyo aache kulia.

Nafundisha historia ya dini ya Kiyahudi, na dhana hii inanichosha kuliko hata ile ya uzi mwekundu unaovaliwa mkononi kama kinga. Uzi haumdhuru mtu. Kumnyima mfiwa machozi yake, tena kwa jina la mapokeo yaliyoyatengea machozi saa yake maalumu, ni kumdhulumu.

Tuanze na Nachman mwenyewe. Maneno hayo aliyasema mwishoni mwa maisha yake, kifua kikuu kimeshamdhoofisha, akiwa amekwisha kumzika mwanawe mchanga na mkewe. Alifariki Uman, Ukraine, mwaka 1810, ana miaka 38. Wanafunzi wake wameeleza kwamba aliyatamka kwa nguvu, kama anayepiga ukelele wa kuomba msaada. Tena ni Nachman huyuhuyu aliyefundisha kuhusu ile nafasi tupu iliyobaki Mungu alipojibana ili ulimwengu upate pa kukaa. Alisema kuna maswali yanayotoka katika utupu huo, nayo hayana jibu, na mwenye hekima huyanyamazia. Mtu wa namna hiyo hakuahidi kwamba yote yatakuwa sawa.

Isaac Luria, mwalimu mkuu wa Kabala, nitampitia haraka. Alifika Safed, Galilaya, karibu na mwaka 1570, akafa kwa tauni mwaka 1572, na mengi tunayoyajua kwake yaliandikwa na mwanafunzi wake Chaim Vital. Alifundisha kwamba ulimwengu ulipoumbwa, vyombo vilivyobeba nuru ya Mungu vilivunjika, cheche za nuru zikaanguka, zikanaswa ndani ya maganda, yaani nguvu za uovu. Mwanahistoria wa Kabala Gershom Scholem alilisoma fundisho hili kama jibu la Wayahudi kwa kufukuzwa kwao Hispania mwaka 1492. Maelezo yanavutia, nami niliyafundisha kwa furaha, lakini mtafiti Moshe Idel ameyapinga kwa hoja nzito: vizazi viwili na zaidi vilipita katikati, na maandishi yenyewe ya Luria hayaitaji Hispania jinsi nadharia ingetaka. Siku hizi nawapa wanafunzi pande zote mbili bila kuwaamulia.

Ninalolishikilia ni hili: hakuna mahali fundisho hilo linaposema cheche zitapanda zenyewe. Hupandishwa na mtu, kwa kuubariki mkate kabla ya kuumega, kwa kumlipa kibarua ujira wake kabla jua halijatua, kwa sala aliyoikusudia. Wala uovu si kiinimacho. Ganda lipo, lina nguvu, na uhai wake linaunyonya kwenye cheche iliyomo ndani. Kwa hiyo anayetumaini hatabiri chochote. Amekubali kazi asiyojua itakwisha lini.

Na kazi hiyo huanza kwa kulia. Iko ibada ya usiku wa manane iliyoenea kutoka Safed, ambayo watu wa picha za machweo hawaitaji kamwe. Ina sehemu mbili, zenye majina ya wake wa Yakobo katika Biblia. Ya kwanza ni ya Raheli: unavua viatu, unaketi chini karibu na mlango, wengine wanajipaka majivu kwenye paji la uso, unasoma Zaburi 137 na 79 na sura ya mwisho ya Maombolezo. Unalililia Hekalu la Yerusalemu lililobomolewa, na unaililia Shekina, yaani uwepo wa Mungu, iliyo uhamishoni pamoja na watu wake. Ndipo inakuja sehemu ya Lea, yenye zaburi za kiu na kungoja, kama ile ya 42, ambamo mtunzi anaiuliza nafsi yake mbona imeinama. Zipo siku za furaha ambazo Raheli huachwa. Ila katika usiku wa kawaida huanza Raheli, ndipo afuate Lea, na anayemruka Raheli ameivunja ibada.

Lipo pia jambo linalonitia hofu. Mafundisho haya haya ya cheche na maganda ndiyo Nathan wa Gaza aliyoyatumia kumtangaza Sabbatai Zevi, Myahudi wa dola ya Osmania, kuwa Masihi mwaka 1665. Watu waliuza mali wakijiandaa kurudi Yerusalemu. Mwaka uliofuata Sabbatai alisilimu mbele ya Sultani, na baadhi ya wafuasi wakasema ameshuka ndani ya maganda kwenda kuziokoa cheche. Sijapata njia ya kulifundisha tumaini la Luria bila kuuacha mlango huo wazi.

Rabi Kalonymus Kalman Shapira alihubiri ndani ya geto la Warszawa, Poland, mtaa ambamo Wanazi waliwafungia Wayahudi, hadi mwaka 1942, baada ya mwanawe wa kiume na mke wa mwana huyo kuuawa katika mashambulizi ya Wajerumani ya Septemba 1939. Alifundisha kwamba Mungu hulia katika vyumba vya ndani, na kwamba mtu anaweza kuingia humo akalia pamoja Naye, akatoka na nguvu ya kusoma Torati tena. Mwishoni mwa 1941 aliwaambia watu wake kuwa mateso kama yao yamewahi kuwapata Wayahudi zamani. Novemba 1942, baada ya wengi wa watu wa geto kupelekwa kwenye kambi ya mauaji ya Treblinka, aliongeza tanbihi kwenye hotuba hiyo: sivyo, haya hayajawahi kutokea. Kisha maandishi yalifukiwa ardhini pamoja na barua yake ya kumwomba atakayeyapata ayafikishe kwa ndugu yake huko Palestina. Yeye aliuawa mwaka 1943. Kitabu kilichapwa Israeli mwaka 1960, hotuba na tanbihi vikiwa pamoja. Wanafunzi wangu huvisoma kwa kikao kimoja. Wapo wanaoliona tumaini katika hotuba, wapo wanaoliona katika tanbihi, na mimi bado nabishana nao.