Kupandishiana bei ya nyumba: maana yake na jinsi bei ya mwisho inavyofikiwa

Kupandishiana bei ni hali inayotokea pale wanunuzi wawili au zaidi wanapoitaka nyumba ile ile kwa wakati mmoja, kila mmoja akiongeza dau ili awashinde wenzake, hata nyumba ikauzwa kwa bei inayozidi ile iliyotangazwa. Hali hii hujitokeza nyumba zinapokuwa chache huku wanaozihitaji wakipata mikopo kwa urahisi. Mfano ulio wazi ni Toronto, Kanada. Benki Kuu ya nchi hiyo ilishusha riba yake hadi asilimia 0.25 mwezi Machi 2020 na haikuipandisha mpaka Machi 2022. Mikopo ikawa nafuu, wanunuzi wakaongezeka, nyumba zikabaki chache, na kufikia Februari 2022 wastani wa bei katika jiji hilo na vitongoji vyake ulikuwa umevuka dola milioni 1.3 za Kanada.

Kinachowachanganya zaidi wanunuzi wageni ni bei iliyotangazwa. Aliyezoea kununua kiwanja Dar es Salaam au Nairobi hutarajia muuzaji aanzie juu, kisha wapatane kushuka. Toronto, soko likichangamka, mambo huwa kinyume: dalali wa muuzaji huitangaza nyumba kwa bei iliyo chini ya thamani yake kwa makusudi, akataja siku moja, mara nyingi wiki moja hivi baadaye, ambayo ofa zote zitapokelewa. Watu hupita kuitazama nyumba, na kila anayeona bei ile hudhani ameipata nafasi adimu. Wapo pia wasioisubiri siku hiyo, wakaleta mapema dau kubwa linalotaka jibu ndani ya saa chache, ili wengine wasipate muda wa kujipanga. Kwa hiyo bei ya tangazo ni chambo, na muuzaji halazimiki kisheria kukubali hata ofa inayoifikia. Asiporidhika, anaweza kuliondoa tangazo na kulirudisha kwa bei ya juu zaidi.

Usiri ndio unaoyafanya mashindano haya kuwa magumu. Katika mnada wa hadhara kila mtu husikia dau la mwenzake, na mshindi hulipa kiasi kidogo tu juu ya aliyemfuata. Kwa desturi ya Ontario, jimbo lenye jiji la Toronto, mnunuzi huambiwa idadi ya ofa zilizopo lakini si viwango vyake. Tuchukue nyumba iliyotangazwa kwa dola 799,000 katika mtaa ambao nyumba za aina yake zimekuwa zikiuzwa karibu 950,000. Mnunuzi mmoja anatoa 960,000. Mwingine, kwa hofu ya kushindwa tena, anatoa 1,010,000 na kuipata. Amelipa 50,000 zaidi ya mshindani wake wa karibu, na huenda asijue kamwe.

Benki nayo hukopesha kwa kufuata thamani inayotolewa na mthamini wake, hata kama dau lililoshinda ni kubwa kuliko thamani hiyo. Mthamini akisema nyumba ile ina thamani ya 950,000, na benki ikakubali kukopesha asilimia 80, mkopo utakuwa 760,000. Mnunuzi aliyetegemea asilimia 80 ya 1,010,000, yaani 808,000, atalazimika kutafuta 48,000 za ziada mfukoni mwake.

Dau si silaha pekee. Wanunuzi huondoa pia masharti yanayowalinda, hasa sharti la mkopo kuidhinishwa kwanza na lile la fundi kuikagua nyumba. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye madhara makubwa kuliko pote, kwa sababu dola zilizozidi huonekana kwenye mkataba, ilhali ufa wa msingi, paa linalovuja au nyaya zilizochakaa hugunduliwa familia ikishahamia. Anayetaka kushindana bila sharti la ukaguzi heri amlipe fundi aikague nyumba kabla ya siku ya ofa, kama muuzaji ataruhusu.

Sheria zimejaribu kupunguza makali haya. British Columbia, jimbo jingine la Kanada, tangu Januari 2023, humpa mnunuzi siku tatu za kazi za kubatilisha mkataba kwa kulipa asilimia 0.25 ya bei. Ontario, tangu Desemba 2023, humruhusu muuzaji kuweka wazi viwango vya ofa akipenda. Uamuzi bado ni wake, na mwenye nyumba inayogombewa hana sababu kubwa ya kuuacha usiri unaomfaidi.

Kipimo cha kuaminika kwa mnunuzi ni bei zilizolipwa kweli, katika miezi michache iliyopita, kwa nyumba zinazofanana mtaani hapo. Aandike kikomo chake kabla ya siku ya ofa, akihesabu kwamba thamani inaweza kushuka kati ya kutia sahihi na kukabidhiwa nyumba. Wengi waliosaini mapema 2022 walikumbwa na hilo riba ilipoanza kupanda. Mnunuzi wa Ontario anayeshindwa kukamilisha ununuzi hupoteza amana aliyoweka, na nyumba ikiuzwa baadaye kwa bei ya chini, muuzaji anaweza kumshtaki amlipe tofauti iliyobaki.