Msamiati wa juu wa Kiingereza ni upi hasa kwa mwanafunzi wa sekondari?

Mwambie mwanafunzi wa kidato cha tatu aongeze msamiati wa juu wa Kiingereza uone atakachofanya. Wengi wanakimbilia yale maneno ya kutisha, "plethora", "flabbergasted", "ubiquitous", yani neno ambalo ukilitoa kwenye debeti darasa zima linashangilia hata kama hakuna aliyeelewa. Anaandika orodha ndefu kwenye daftari, neno kushoto maana kulia, anapiga msuli usiku, wiki ijayo ukimuuliza yamebaki mawili matatu. Sasa huo ni ung'eng'e wa mbwembwe tu, una raha yake sikatai, ila sio ndo utakaomsaidia kusoma kitabu au kujibu mtihani.

Kuna mgawanyo mmoja rahisi sana ambao ulitolewa na watafiti watatu wa Marekani, Isabel Beck, Margaret McKeown na Linda Kucan, wao wanayapanga maneno kwenye madaraja matatu. Daraja la kwanza ni maneno ya kila siku, "house", "eat", "happy", haya mtu anayaokota tu kwa kusikia watu wakiongea. Daraja la tatu ni maneno ya somo husika, "osmosis" ya baiolojia, "isotope" ya kemia, "isthmus" ya jiografia, nje ya hapo hukutani nayo. Katikati ndo kuna daraja la pili: "sufficient", "reluctant", "consequence", "maintain", "contrast". Hayana somo lake maalumu, utayakuta kwenye historia, kwenye kemia, kwenye gazeti, kwenye barua ya kuomba kazi, ila mtaani huyasikii kirahisi. Hilo daraja la katikati ndo msamiati wa juu wenye faida, na kwa bahati mbaya ndo hakuna anayelifundisha.

Kwa Tanzania hili linauma zaidi kwa sababu mtoto wa shule ya msingi ya serikali anasoma kwa Kiswahili, Kiingereza ni somo tu kama mengine, alafu akivuka kuingia kidato cha kwanza karibu kila kitu kinageuka Kiingereza. Maneno ya daraja la tatu anayapata vizuri tu, maana mwalimu wa baiolojia hawezi kuingia mada ya osmosis bila kuandika maana yake ubaoni, na mtoto anaikariri neno kwa neno. Ila nani anasimama kufundisha "account for"? Mwalimu wa historia anaona hiyo kazi ya mwalimu wa Kiingereza, wa Kiingereza yeye yuko bize na tenses na ushairi, neno linabaki yatima. Siku swali linakuja "Account for the decline of the Trans-Saharan trade" na mtoto ambaye kiukweli anajua kila kitu kuhusu biashara ile anaanza kusimulia mwanzo mwisho, ngamia, chumvi, dhahabu, misafara ilipita wapi, kurasa mbili zimejaa, kumbe ameulizwa sababu za kufifia kwake tu basi. Maksi zinaondoka na historia anaijua!

Ndo maana mimi ningeanza na vitenzi vya maswali kabla ya kitu kingine chochote. "Outline" inataka utaje hoja kwa ufupi usizame, "describe" inataka useme kitu kikoje, "explain" inataka kwa nini au namna gani kinatokea, "discuss" inataka ulete pande zake tofauti na uzipambanishe, "assess" inataka upime uzito kisha useme msimamo wako. Chukua pasti pepa za masomo yako yote uviandike hivyo vitenzi pembeni, utashangaa ni vichache na vinajirudia mwaka hadi mwaka.

Ukitaka orodha iliyotengenezwa kwa hesabu na sio kwa kubahatisha, ipo. Mwaka 2000 Averil Coxhead wa New Zealand alichapisha orodha ya maneno ya kitaaluma aliyoitoa kwenye maandishi ya chuo kikuu ya sanaa, biashara, sheria na sayansi, jumla kama maneno milioni 3.5. Akaweka pembeni yale maneno kama 2,000 ya kawaida kabisa, ambayo Michael West alishayaorodhesha mwaka 1953, alafu akaangalia yaliyobaki ni yapi yanajitokeza sana na yanajitokeza kwenye fani zote nne. Akabaki na familia 570. Hizo 570 peke yake zilikuwa zinachukua kama asilimia 10 ya maneno kwenye maandishi ya kitaaluma, ila kwenye hadithi za kubuni zilikuwa kama asilimia 1.4 tu, na hapo unaelewa kwa nini mtu anaweza kusoma riwaya za Kiingereza kwa raha zake alafu kitabu cha uchumi kikamtoa jasho. Kundi la kwanza la orodha hiyo lina "analyse", "assume", "derive", "establish", "evident", "factor", "indicate", "require", "significant", "vary". Hakuna hata moja la kupigiwa makofi kwenye debeti.

Nimesema familia na sio maneno, kuna sababu. Wewe Kiswahili hukukariri soma, somo, msomi, msomaji, somesha na usomaji kama maneno sita tofauti, ulijua shina moja mengine yakafuata. Kiingereza nacho kina hiyo kitu, "analyse" inazaa "analysis", "analyst", "analytical", na mtihani wa Kiingereza unapenda sana kukupima hapo hapo. Alafu mengi ya maneno haya yameingia kutoka Kilatini na Kigiriki, mengine kwa kupitia Kifaransa baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, ndo maana utakuta Kiingereza kina jozi jozi, "ask" na "inquire", "begin" na "commence", la kwanza la nyumbani la pili la ofisini. Faida yake ni kwamba vipande vinajirudia. Ukijua "dict" ni kusema, basi "predict" ni kusema kabla, "contradict" ni kusema kinyume, ukijua "spect" ni kutazama, "inspect" na "spectator" haziwezi kukusumbua. Usiitegemee sana lakini, inasaidia kukisia tu, neno lililozunguka miaka mia kadhaa linaweza kuwa limehama mbali na maana ya vipande vyake.

Sasa hapa ndo penye kazi. Kujua maana ya neno ni robo ya kulijua. Maneno yana majirani, kuna neno linakaa na hili na halikai na lile, na hapo ndo utamjua aliyekariri na aliyesoma. Kiingereza wanasema "heavy rain", ukisema "big rain" umetafsiri mvua kubwa kichwani. Utafiti wana-"conduct" au wana-"do", hawa-"make". Uhalifu wana-"commit". Hitimisho wana-"draw" au wana-"reach". Halafu kuna zile zetu za Afrika Mashariki ambazo hata wenye digrii wanaziandika kila siku, "discuss about", "emphasize on", "comprise of", kwa sababu sisi tunajadiliana kuhusu kitu na tunasisitiza juu ya kitu, kile kihusishi kinatufuata mpaka kwenye Kiingereza. Kwenye Kiingereza sanifu una-"discuss" kitu moja kwa moja, hakuna "about".

Na kuna rangi ya neno. Kamusi ya visawe itakwambia "thin", "slim", "skinny" na "emaciated" zote ni kuhusu wembamba, mtoto anachagua ndefu ili aonekane msomi, anaandika kwenye insha kwamba mama yake mpendwa ni "emaciated". Maana yake mama amekondeana kwa njaa au ugonjwa. "Slim" ndo sifa, "skinny" ina kejeli kidogo. Kwa hiyo neno ambalo hujawahi kulikuta kwenye sentensi ya mtu mwingine usiliandike kwenye insha yako, liache kwanza.

Hata Marekani kwenyewe, ambako kizazi na kizazi wamekariri orodha za maneno magumu kwa ajili ya SAT, mtihani wa kuombea nafasi chuo kikuu, waliachana na hiyo staili taratibu. Maswali ya kulinganisha jozi za maneno yalitolewa mwaka 2005, na mwaka 2016 yakaondoka yale ya kujaza sentensi kwa maneno adimu, sasa wanauliza maneno ya kawaida ya kitaaluma ndani ya kifungu.

Namna ya kuyashika sio siri kubwa. Yatoe kwenye vitabu unavyovisoma tayari, machache kwa wiki, na unakili sentensi nzima uliyolikuta neno, sio neno peke yake. Tafuta kamusi ya wanafunzi ya Kiingereza kwa Kiingereza, zile za Longman kwa mfano toka mwaka 1978 maelezo yake yanaandikwa kwa maneno kama 2,000 tu mepesi, na zina mifano, hiyo mifano ndo mali kuliko maana. Kisha kurudia, na kurudia kwa kuachia nafasi. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alishajipima mwenyewe akachapisha mwaka 1885 kwamba kusahau kunaenda kasi sana mwanzoni alafu kunapungua, ndo maana kukesha na orodha usiku mmoja ni kujichosha. Sebastian Leitner mwaka 1972 akaja na maboksi: kadi ya neno ukiipatia inasogea boksi linalofuata ambalo unalifungua kwa nadra zaidi, ukiikosea inarudi la kwanza hata kama ilishafika la nne. Kadi zenyewe kata kwenye daftari la mwaka jana, nyuma andika sentensi yako mwenyewe, na mpe mwalimu wa Kiingereza azipitie kabla hujaanza kuzikariri.