Uvimbe wa tezi ya pituitari "haunywi damu": maneno niliyoyasikia Kigoma na ukweli wenyewe

Dada yangu hakua na mtoto mchanga ila kanga yake ilikua inaloa maziwa kifuani. Anauza dagaa Kibirizi, kwa hiyo unaweza kufikiria macho ya wenzie pale mwaloni, na siku zake zilikua hazijaja karibu mwaka mzima, kipimo cha mimba kila akipima hamna kitu. Maneno yakaanza. Wengine wakasema katoa mimba kwa siri, wengine karogwa, shemeji nae akanuna wiki mbili nzima hamsemeshi mkewe.

Hilo ndo la kwanza nataka kulinyoosha, kwa sababu limevunja ndoa za watu. Maziwa kutoka kwa mtu asienyonyesha sio ushahidi wa mimba iliyotolewa. Kuna homoni inaitwa prolaktini, inatengenezwa na tezi ya pituitari, katezi kadogo kama punje ya njegere kamekaa chini ya ubongo, nyuma ya pua kule ndani. Kakiota uvimbe unaomwaga prolaktini nyingi, maziwa yanatoka na hedhi inakata, na mwanaume akiupata anaishiwa hamu na nguvu za kiume. Sio kila maziwa ni uvimbe pia, baadhi ya dawa za kuzuia kutapika na za magonjwa ya akili zinapandisha prolaktini, na tezi ya shingo ikilegea vilevile, ndo maana daktari anaanza na vipimo vya damu.

Sasa majibu ya MRI, kile kipimo cha picha za ndani ya mwili, yalivyotoka Dar, uvimbe milimita 18, likaja neno jipya: "huo uvimbe unakunywa damu". Mama mmoja jirani yetu, mtu mzima anaempenda sana dada, akamkataza juisi ya rozela, maini na matembele, eti akiongeza damu anaulisha uvimbe. Dada alitii. Mwezi na nusu anakula ugali na vitu vyeupe vyeupe tu, mpaka akawa anaona kizunguzungu akiinuka. Iliniuma sana hiyo, maana mtu anaumwa halafu tunamnyima chakula kwa kumpenda.

Ukweli ni huu. Uvimbe hauongezi mishipa kwa sababu damu yako ni nyingi. Mishipa mipya inaota kwa kuitwa, seli zinatoa protini za kuita, na inayojulikana zaidi ni VEGF. Na hapa kuna jambo lilinishangaza, hii VEGF mwaka 1989 mtafiti Napoleone Ferrara na mwenzie huko Marekani waliitenga kutoka kwenye seli za tezi ya pituitari ya ng'ombe, tezi hiihii tunayoiongelea! Kwa hiyo rozela haiwezi kuufanya uvimbe uote mishipa, na kujinyima rozela hakuwezi kuukausha, unachopata ni upungufu wa damu juu ya ugonjwa ulionao.

Halafu dhana kubwa kuliko zote, hata watu waliosoma wanayo: kwamba uvimbe wowote ukikua lazima umejaa mishipa ya damu kuliko nyama nzima iliyo pembeni yake. Hii imetokana na kitu cha kweli, daktari wa upasuaji Judah Folkman mwaka 1971 aliandika kwamba vivimbe vinahitaji mishipa mipya ndo viweze kukua kupita ukubwa wa milimita chache, na kwa saratani nyingi mambo yako hivo, zina mishipa mingi kweli. Ila pituitari inakwenda kinyume. Watafiti walipohesabu mishipa kwenye darubini walikuta vivimbe vyake kwa kawaida vina mishipa michache kuliko tezi yenyewe nzima. Sababu mojawapo ni kwamba tezi yenyewe ni tajiri wa damu mno, ndo kazi yake, inapokea ujumbe wa ubongo kwa damu na inatuma homoni mwilini kwa damu.

Na hili unaliona kwa macho. Kwenye MRI wanakuchoma dawa ya kung'arisha mshipani, tezi nzima inawaka nyeupe haraka, ila kauvimbe hasa kakiwa kadogo kanachelewa, kanabaki kijivu katikati ya weupe kama doa la mafuta ya mawese kwenye kitambaa. Hayo mawese ndo mfano wangu tangu siku ile nilipoonyeshwa.

Sio vyote viko sawa lakini. Vile vya prolaktini vikishakua vikubwa, yani kuanzia sentimita moja, vinakua na mishipa mingi kuliko vile vidogo, wakati vya homoni ya ukuaji, vile vinavyonenepesha vidole na kukuza taya, tofauti hiyo ya vikubwa na vidogo haikuonekana. Na ile saratani halisi ya pituitari ina mishipa zaidi. Ila hiyo ni nadra sana, chini ya mgonjwa mmoja katika mia wenye vivimbe hivi. Kwa hiyo "uvimbe kichwani" sio lazima saratani, na watu wengi wanatembea na kauvimbe kadogo ka pituitari maisha yao yote bila hata kujua.

Kuna lingine linanitisha. Watu wanadhani uvimbe wenye damu kidogo hauwezi kuvuja damu. Unaweza, tena ghafla, uvimbe ukizidiwa na mahitaji yake unakufa sehemu ya ndani au unavujia damu humohumo. Mtu anapata kichwa kikali kuliko alivyowahi kukisikia, anatapika, macho yanafifia au anaona viwili, kope inaanguka, presha inashuka. Kwetu hapa watasema malaria imepanda kichwani, wamuwekee dripu ya kwinini nyumbani. Jamani malaria ipime ndio, ila mtu wa namna hiyo, hasa anaejulikana ana uvimbe, ni wa kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo hata kama ni usiku wa manane, anaweza kupoteza macho au maisha, na mara nyingi anahitaji dawa ya haidrokotisoni haraka.

Tiba nayo ina maneno. Kwanza sio lazima kufungua fuvu, upasuaji wake mara nyingi unapitia puani. Pili uvimbe wa prolaktini kwa kawaida unaanza na vidonge. Ubongo kwa kawaida unatuma kemikali inaitwa dopamini kwenye tezi kupitia vimishipa vyake, inaiambia prolaktini basi inatosha, na kabagolini, ndo vidonge vyenyewe, inaiga kazi hiyo. Tuliambiwa "dawa ya kumeza mara mbili kwa wiki itatibu nini", kumbe inakaa mwilini siku nyingi ndo maana. Zile dawa za kuzuia VEGF moja kwa moja, kama bevasizumabu, ni za vivimbe vikali vilivyoshindikana kwa njia nyingine, sio za kuanzia, usiuze ng'ombe kwa ajili hiyo.

Kabla ya dawa dada alikua anagonga mabega kwenye miimo ya milango na anajikwaa kwenye vichanja vya dagaa, tukadhani uchovu. Uvimbe ulikua unasukuma mishipa ya fahamu ya macho kwa chini, unamfutia kuona kwa pembeni kulia na kushoto. Daktari alimkalisha akamwambia "mama angu, niangalie puani, usihamishe macho", akaleta vidole vinacheza kutokea upande wa masikio, dada hakuviona mpaka vilipokaribia kufika usoni. Baada ya miezi mitatu ya kabagolini, na rozela amerudi kunywa, akarudiwa kipimo kilekile. Vidole vilikua bado viko kule masikioni na yeye anasema, "hicho cha kushoto kinacheza."